Kwa nini INR ya mdogo wako inapanda na kushuka: damu inavyoganda na kazi ya wafarini

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 26. Utotoni mafindofindo yalimsumbua sana, baadaye moyo ukaonekana una tatizo, na mwaka jana alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam akawekewa valvu (mlango wa kupitishia damu) ya chuma upande wa kushoto wa moyo, ile wanayoiita mitrali. Tangu hapo anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni na kupimwa INR, kipimo cha damu inavyoganda. Mwezi wa 11 ilikuwa 2.8. Desemba alikwenda kwa bibi Muheza wiki tatu, aliporudi ikasoma 1.6, akaongezewa dozi. Akaogopa, akaacha mboga za majani kabisa. Wiki mbili zilizopita tumbo lilimsumbua, akanunua Flagyl duka la dawa, na juzi INR imesoma 5.2. Jirani anasema hiyo wafarini ni sumu ya panya, bora aache anywe aspirini na kitunguu saumu. Wengine wanasema kuna vidonge vipya visivyohitaji kupima. Na yeye ameolewa, anataka mtoto. Damu inagandaje hasa, na hizi dawa zinafanya nini ndani ya mwili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla sijaeleza lolote, 5.2 si namba ya kukaa nayo nyumbani mkingoja tarehe ya kliniki. Mpigieni daktari wake leo. Kama hatoki damu popote, mara nyingi huambiwa aruke dozi ya siku moja au mbili kisha apimwe tena, lakini kauli hiyo itoke kwa anayemtibu, maana ndiye anayejua dozi yake na valvu yake. Kama amejigonga kichwa, au kichwa kinamuuma isivyo kawaida, au choo ni cheusi kama lami, au mkojo ni mwekundu, au hedhi inalowesha pedi kila saa, simu haitoshi. Nendeni hospitali sasa hivi. Na kwa hali yoyote ile asiiache dawa kwa hofu akakaa wiki nzima bila kumeza. Namba ikiwa juu anaweza kutoka damu. Ikiwa chini sana, valvu inaweza kuganda.

Sasa maelezo. Umefanya jambo zuri katika barua yako: umeandika namba kwa mfuatano, na kati ya namba na namba ukataja alikuwa wapi, alikula nini, alimeza nini. Wagonjwa wengi huniletea namba peke yake. Kwako wewe majibu yote yamo humo humo.

Siku mdogo wako akitolewa damu mkononi, mwambie aangalie vichupa. Kile chenye kifuniko chekundu, kikiachwa kwenye kibao chake, damu yake haimalizi saa moja kabla haijawa bonge, ukikiinamisha haimwagiki. Kile chenye kifuniko cha buluu, damu inabaki majimaji hata kesho. Mtu ni yule yule, damu ilitoka mshipa ule ule, dakika ile ile. Tofauti ni kwamba kichupa cha buluu kina matone machache ya chumvi iitwayo sitreti, na sitreti inaishika kalisi (madini ya kalsiamu) yote iliyomo kwenye damu. Bila kalisi, damu haijui kuganda. Mtaalamu wa maabara akitaka kupima, anairudishia damu ile kalisi, anatia na kichocheo, kisha anahesabu sekunde. Kwa mtu asiyetumia dawa huwa kama sekunde 12 hivi. Kwa kuwa kichocheo cha kiwanda kimoja kina nguvu tofauti na cha kingine, sekunde hizo hukokotolewa zikawa namba moja inayosomeka sawa Dar, Nairobi au London. Namba hiyo ndiyo INR. Ya mtu wa kawaida ni kama 1. Mwenye valvu ya chuma ya mitrali kwa kawaida hulengwa 2.5 hadi 3.5, kwa hiyo ile 2.8 ya mwezi wa 11 ilikuwa mahali pake kabisa.

Ikumbuke hiyo kalisi, tutairudia.

Damu ikiwa ndani ya mshipa mzima haigandi, kwa sababu ukuta wa ndani wa mshipa ni laini na wenyewe hutoa kemikali za kuizuia. Mshipa ukichanika, kwanza unajibana ili damu ipite kidogo. Papo hapo zinafika chembe sahani, vipande vidogo mno visivyo na kiini, ambavyo katika tone dogo la ujazo wa milimita moja ya mchemraba huwa kati ya 150,000 na 450,000. Chembe sahani haziwezi kunata peke yake mahali ambapo damu inakwenda kasi. Zinahitaji protini ndefu kama kamba, inayojifunga kwenye nyama iliyofunuka na kuzidaka zikipita. Kamba hiyo inaitwa kwa jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland ambaye mwaka 1926 alieleza habari za familia moja ya visiwa vya Åland iliyosumbuliwa na kutokwa damu bila sababu ya kueleweka. Zikishanata, chembe sahani zinabadilika umbo, zinatoa miguu, na kumwaga kemikali za kuziita nyingine. Kwa muda mfupi kidonda kimezibwa na kizibo laini.

Hapa ndipo aspirini inapofanya kazi. Inakiharibu kimeng'enya (protini inayoendesha kazi fulani mwilini) ndani ya chembe sahani kinachotoa mojawapo ya kemikali hizo za kuita wenzake. Kwa vile chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kingine, basi imekwisha kazi mpaka ife, na huishi siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kidonge kidogo tu cha miligramu 75 au 100 kwa siku kinatosha, na ndiyo maana ukiacha leo, damu hairudi hali yake kesho.

Lakini kizibo cha chembe sahani ni kama tope lililobandikwa kwenye ukuta kabla ya kuwekewa fito. Kinahitaji nyuzi za kukishika, na nyuzi hizo ni fibrini. Ndani ya damu kuna protini kadhaa, nitaziita vigandishi, ambazo nyingi hutengenezwa na ini na kuzunguka mwilini zikiwa zimelala. Wanasayansi walizipa namba, na usishangae ukisikia namba 6 haipo: ilipewa kitu ambacho baadaye kilionekana ni kigandishi namba 5 kikiwa kimekwisha amka. Nje ya mshipa, kwenye nyama, kuna protini ambayo damu haipaswi kukutana nayo. Mshipa ukichanika zinakutana, kigandishi namba 7 kinaishika, kinakiamsha namba 10, na namba 10 kinakiamsha namba 2 kuwa thrombini. Thrombini ndiyo inayokata protini iitwayo fibrinojeni, vipande vyake vinashikana na kuwa nyuzi. Tena thrombini kidogo ikishapatikana, inarudi nyuma kuwaamsha namba 5, 8 na 11 ili izalishwe nyingi zaidi. Kwa hiyo kuganda kukianza hakuendi kidogo kidogo. Kunashika kama moto wa makuti. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa namba 8 au 9 ndiye mwenye hemofilia: kwake cheche inawaka, makuti hayashiki.

Moto wa namna hiyo usingekuwa na wa kuuzima, jeraha la kidole lingegandisha mkono mzima. Kwa hiyo mwili una breki zake. Ipo antithrombini inayozikamata thrombini zilizotoroka. Zipo protini C na S zinazovizima namba 5 na 8. Na jeraha likipona ipo plasmini inayozikata nyuzi taratibu na kusafisha njia. Heparini, ile sindano ya tumboni au ya mshipa, haifanyi kitu peke yake. Inaipa antithrombini nguvu mara nyingi zaidi, ndiyo maana inaanza kazi mara moja.

Sasa kalisi na wafarini. Vigandishi namba 2, 7, 9 na 10 lazima vishike juu ya chembe sahani palipo na kidonda, ama sivyo vitaamka ovyo au visiamke kabisa. Vinashika kwa kutumia kalisi, na ili kuishika kalisi lazima ini livitie kitu kama makucha. Kazi ya kutia makucha hayo inahitaji vitamini K. Herufi hiyo ilitokana na neno la kuganda kama lilivyoandikwa kwa lugha za Ulaya ya kaskazini, kwa kuwa aliyeigundua ni Henrik Dam wa Copenhagen, na akapewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Vitamini K ikitumika mara moja inachakaa, na ini lina kimeng'enya cha kuirudisha upya ili itumike tena na tena. Wafarini inakifunga kimeng'enya hicho, basi. Ini linaendelea kutengeneza vigandishi, lakini vingi vinatoka bila makucha. Vinazunguka kwenye damu, kidonda kikitokea vinapita tu.

Ukilielewa hilo, mambo mengi yanajieleza. Wafarini haiyeyushi damu wala haiifanyi nyepesi, ingawa sisi sote tunasema hivyo, hata wauguzi. Uzito wa damu ya mdogo wako ni ule ule. Dawa za kuyeyusha bonge lililokwisha tokea ni nyingine na hutolewa hospitali tu; mojawapo, streptokinezi, inatoka kwa vijidudu vya ukoo ule ule wa vilivyomletea mdogo wako mafindofindo yaliyoishia kwenye moyo. Wafarini inapunguza tu uwezo wa bonge jipya kujengeka.

Na utaelewa kwa nini haina haraka. Vigandishi vyenye makucha vilivyokwisha toka kwenye ini vinaendelea kuzunguka mpaka vichakae. Nusu ya namba 7 hutoweka kwa takribani saa 6, lakini nusu ya namba 2 huchukua kama siku 3. Kwa hiyo dozi iliyobadilishwa Jumatatu haionekani Jumanne. INR huanza kusogea baada ya siku 2 au 3, na hutulia baada ya siku 5 na zaidi. Anayepima leo na kubadili dozi kila kukicha anafukuza kivuli.

Nirudi kwenye barua yako. Muheza, kwa bibi, Desemba. Mimi sihitaji kuambiwa alikula nini: kisamvu cha nazi, matembele, mchicha, majani ya maboga, asubuhi labda na kiporo chake. Mboga hizo zimejaa vitamini K. Vitamini mpya ikiingia kwa wingi kila siku, ini halihitaji tena kurudisha iliyochakaa, kwa hiyo kufuli la wafarini linapitwa pembeni. Namba inashuka. Hivyo ndivyo ninavyoisoma ile 1.6, ingawa muulize kwa upole, bila kumkaripia, kama kuna jioni alisahau vidonge. Safari huvuruga saa za dawa.

Aliporudi, dozi ikaongezwa kulingana na mlo wa Muheza. Yeye kwa woga akaacha majani yote. Dozi ya mla kisamvu ikabaki kwa mtu asiyekula hata mchicha. Namba ingepanda tu. Halafu ikaja Flagyl. Dawa iliyomo ndani yake, metronidazo, inakizuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja wafarini, hivyo kila kidonge alichomeza jioni kikawa kinakaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida yake. Na mtu anayeumwa tumbo hali vizuri, vitamini K ikapungua zaidi. Hapo ndipo 5.2 ilipotoka. Dawa yenyewe haina wazimu, wala mwili wake haujaikataa.

Kwa hiyo majani ayarudishe. Kuacha mboga ni kosa nililolisikia mara nyingi mno kliniki, na linaniuma kwa sababu mara nyingi mgonjwa ameambiwa hivyo na mtu wa afya. Anayekula vitamini K kidogo sana ndiye ambaye namba yake huyumba ovyo, kwani fungu moja tu la sukuma wiki linatosha kumtikisa. Tunachotaka ni kiasi kilekile. Kama nyumbani kwenu mboga ni upawa mmoja usiku, iwe upawa mmoja usiku, wiki hii na wiki ijayo. Akienda tena Muheza, awaambie kliniki kabla ya safari, wapange apimwe akiwa huko au mara tu akirudi. Na siku ya kuanza tena kula majani aitaje kliniki pia, maana dozi inaweza kuhitaji kusogezwa.

Kuhusu dawa nyingine, nitataja zile ambazo kwetu zinamezwa bila kufikiri. Metronidazo umeiona. Septrin na flukonazo, ile ya fangasi, nazo hupandisha INR, tena kwa kishindo. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha sana, mgonjwa huhitaji dozi kubwa muda wote wa matibabu, na hatari kubwa huja baada ya kuimaliza, kwa sababu dozi ile kubwa inabaki wakati kilichoishusha hakipo tena. Dawa za kifafa kama kabamazepini huishusha pia. Diklofenaki na ibuprofeni huenda zisiisogeze INR sana, lakini zinachubua tumbo na kudhoofisha chembe sahani, na mtu mwenye wafarini akitoka damu tumboni hali hubadilika haraka. Maumivu yakija, Panadol ni salama zaidi kwake, ila akiitumia dozi kamili siku kadhaa mfululizo awaambie, kwani nayo hupandisha kidogo. Hakuna dawa hapa iliyokatazwa moja kwa moja isipokuwa kwa kauli ya daktari wake. Kinachotakiwa ni kwamba mtu wa duka la dawa aambiwe kabla hajafungua kabati: "Natumia wafarini."

Nina kisa cha kukueleza hapa. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja kliniki INR yake imepanda sana, fizi zinatoka damu, na aliapa hajabadilisha chochote. Nikamwomba anionyeshe vidonge. Akafungua fundo la khanga yake, akamwaga mezani vidonge vya rangi mbili. Alikuwa akipewa vya miligramu 1, anameza vitatu. Vilipoisha alinunua kwingine, akauziwa vya miligramu 5, naye akaendelea kumeza vitatu kama alivyoelekezwa. Hakuwa mzembe. Alifuata maelekezo kwa uaminifu kabisa. Hakuna aliyemwambia kuwa idadi ya vidonge si dozi. Tangu siku hiyo sikubali mgonjwa aniambie "vitatu". Aniambie miligramu, na anionyeshe kasha. Mdogo wako naye ajue dozi yake kwa miligramu, na rangi ikibadilika asimeze mpaka ameuliza.

Jirani yenu. Anachosema kuhusu panya ni kweli, ila ameishia katikati ya habari. Miaka ya 1920 huko Canada na kaskazini ya Marekani ng'ombe walikuwa wakifa kwa kutokwa damu, hata kukatwa pembe tu kuliwaua. Madaktari wa mifugo wakagundua kuwa walikuwa wamekula nyasi za aina fulani zenye harufu tamu zilizoota ukungu. Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin alifika kwenye maabara ya Karl Paul Link mjini Madison akiwa na ng'ombe aliyekufa, marobota ya nyasi hizo na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda. Link na vijana wake walihangaika miaka sita hivi mpaka wakaipata kemikali yenyewe. Kutokana na hiyo zikatengenezwa nyingine za jamaa yake, na mojawapo, ndiyo hii wafarini, iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza, warfarin, yaani WARF, ni za taasisi ya chuo kikuu iliyogharamia utafiti. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower wa Marekani baada ya mshtuko wa moyo. Panya hula bila kipimo na hapimwi INR. Mdogo wako anameza miligramu chache, anapimwa, na ikizidi ipo dawa ya kuirudisha, nayo ni vitamini K yenyewe.

Je, aspirini haiwezi kuchukua nafasi yake? Valvu yake, ingawa tunaiita ya chuma, vijibawa vyake mara nyingi ni kaboni iliyosuguliwa ikawa laini kama kioo. Hata hivyo si ukuta wa mshipa. Haitoi zile kemikali za kuzuia, na kwenye bawaba zake kuna vijipembe ambamo damu inazubaa badala ya kupita. Damu inayozubaa juu ya kitu kigeni hujenga bonge la nyuzi za fibrini, na aspirini haizuii nyuzi, inazuia chembe sahani. Upande wa mitrali ndio mbaya zaidi kwa sababu damu hupita pale kwa msukumo mdogo. Bonge likijengeka, linaweza kukikwamisha kijibawa kisifunguke, au likakatika kipande kikapanda ubongoni kikaleta kiharusi. Kuna wagonjwa ambao daktari huwaongezea aspirini juu ya wafarini. Hiyo ni nyongeza tu, na huamuliwa na anayemtibu. Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno, ale. Punje mbichi kumi kila asubuhi kama dawa, hapana: zinaweza kuongeza kutoka damu bila kuilinda valvu hata kidogo.

Na hii naomba umwulize usiku, nyumba ikitulia. Valvu ya aina yake hulia, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyo chini ya mto. Wengi huichukia miezi ya kwanza, baadaye huizoea. Aizoee sauti yake vizuri. Sauti hiyo ikififia au kunyamaza, au akianza kukosa pumzi ghafla, mdomo ukipinda, mkono ukalegea, maneno yakamkwama, hiyo ni dharura, saa yoyote ya usiku.

Vidonge vipya vipo kweli: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani. Vinaizuia thrombini au kigandishi namba 10 moja kwa moja, havijali kisamvu, na havihitaji INR. Mwenye bonge la damu mguuni, au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa sababu nyingine, mara nyingi hivyo ndivyo ninavyomwandikia. Lakini mdogo wako haviwezi kumfaa. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowapa wenye valvu za chuma dabigatrani. Ilibidi usimamishwe kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa waliganda zaidi na pia walitoka damu zaidi kuliko wa wafarini. Na mwaka 2022 utafiti mwingine uliohusisha watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24, nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kuwa hata wale ambao hawajabadilishiwa valvu, lakini wana ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi (ile inayofuata mafindofindo) na mapigo yasiyo na mpangilio, waliishi vizuri zaidi kwa dawa za ukoo wa wafarini kuliko kwa rivaroksabani. Mtu akimuuzia vidonge hivyo kwa nia njema, avikatae.

Nimeacha suala la mtoto mpaka mwisho kwa sababu ndilo gumu kuliko yote, na nataka asome yeye mwenyewe sehemu hii pamoja na mumewe. Wafarini inavuka kondo la nyuma. Hatari kubwa ya kuharibu mifupa na pua ya mtoto ni kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambapo wanawake wengi ndiyo kwanza wanagundua ni wajawazito. Heparini haivuki, mtoto yuko salama nayo, ila kuilinda valvu kwa heparini ni kazi ngumu zaidi, na valvu kuganda wakati wa ujauzito huua mama. Kwa hiyo hakuna njia isiyo na hatari. Kuna njia iliyopangwa na isiyopangwa. Wengine hubadilishiwa kwenda kwenye heparini miezi mitatu ya mwanzo na kupimwa mara kwa mara, kisha wanarudi kwenye wafarini mpaka wiki za mwisho. Wengine, hasa wanaotosheka na miligramu 5 au pungufu kwa siku, hushauriwa kuendelea na wafarini kwa uangalizi. Uamuzi huo unahitaji daktari wa moyo na wa uzazi wakae meza moja naye kabla hajashika mimba. Mpaka hapo atumie uzazi wa mpango, na siku hedhi ikichelewa apime siku hiyo hiyo, ila asijiachishe dawa mwenyewe. Akishajifungua, wafarini haimdhuru mtoto kupitia maziwa.

Kwa familia za Kiislamu huwa ninalitaja hili mapema: heparini tunazotumia kwa kawaida hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Kama ndivyo dini yenu, zungumzeni na daktari na shehe mnayemwamini sasa, msije mkalijua usiku wa dharura.

Hedhi pia. Kaka huenda ukaona haya kuuliza, basi mkeo au mama amuulize. Wanawake wengi wanaotumia wafarini hutoka damu nyingi kila mwezi, wakazoea, wakaja kwangu weupe viganjani, wamepungukiwa damu, wakidhani uchovu ni wa moyo. Kuna tiba yake.

Na kama bado anachomwa ile sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia mafindofindo yasiurudie moyo, tarehe yake isije ikaangukia siku hizi namba ikiwa 5.2. Sindano ya msuli kwa namba hiyo inaweza kuvuja damu ndani ya paja. Ampigie muuguzi, amweleze namba, wapange siku baada ya kupimwa upya. Na siku hiyo, sindano ikitoka, abonyeze pamba kwa dakika 10 akiangalia saa.